Jabali Alikufa na Miaka 3 na Miezi 9: Uchambuzi wa Umri na Ukuaji katika Monster Rancher 2

Jabali, kiumbe tuliyekuwa tunamlea kwenye gemu la Monster Rancher 2, alikufa akiwa na umri wa miaka 3 na miezi 9. Hakufa vitani wala hakuugua. Wiki moja kabla alikuwa uwanjani akiangusha mabamba ya domino kama kawaida yake, na mwezi mmoja kabla alikuwa ametoka kwenye mashindano ya daraja B, akashindwa pambano la mwisho kwa tofauti ndogo sana. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tumeshaupanga mwaka wake wa tano kwenye daftari: mwezi upi atasafiri, mwezi upi atapigania daraja A. Kurasa hizo zikabaki tupu.

Mdogo wangu ndiye aliyekuwa mshika daftari. Kila wiki ya gemu aliandika mstari mmoja: zoezi gani, alama ngapi zimepanda, Colt, msaidizi wa mlezi ndani ya gemu, amesema nini. Daftari lile ndilo limeniwezesha kuandika kisa hiki, kwa sababu kumbukumbu yangu ilikuwa inanidanganya. Mimi nilikumbuka kiumbe aliyelelewa vizuri halafu akafa ghafla. Mistari yake inaeleza mambo mengine kabisa.

Swali ni moja tu: umri wa Jabali ulikwenda wapi? Wachezaji wengi hujibu haraka kwamba alichoshwa mno, basi akafa mapema. Ni kweli, ila jibu hilo linakufanya uitafute hasara mwishoni mwa maisha yake, pale kaburini. Baada ya kumlea kiumbe yuleyule mara ya pili, nina hakika kwamba hasara kubwa ilikuwa katikati, miezi ileile tuliyokuwa tukipongezana kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Jinsi gemu linavyohesabu maisha

Kwa ambaye hajaligusa: Monster Rancher 2 ni gemu la Tecmo la PlayStation lililotoka mwaka 1999, likifuata lile la kwanza la 1997. Kule Japani linaitwa Monster Farm. Unaingiza CD yoyote uliyo nayo, ya muziki au ya gemu jingine, na mashine inasoma data zake na kukutolea kiumbe. CD ileile hutoa kiumbe yuleyule kila mara. Katika toleo la DX la mwaka 2021 unatafuta jina la CD kwenye orodha badala ya kuingiza CD yenyewe, lakini ufugaji ni uleule.

Mwezi wa gemu una wiki 4 na mwaka una wiki 48. Kila wiki unamwamulia kiumbe wako jambo moja: afanye zoezi jepesi, afanye zoezi zito, apumzike au aende mashindanoni. Safari ya mafunzo humchukua wiki 4 mfululizo. Uwezo wake unapimwa kwa mambo sita, yaani Uhai, Nguvu, Akili, Ustadi, Wepesi na Ulinzi, na kila kimoja kinaweza kufika 999. Zoezi jepesi linapandisha uwezo mmoja. Zoezi zito linapandisha aina mbili kwa mpigo, ila linashusha ya tatu, na linachosha zaidi.

Hayo yote unayaona kwenye skrini. Kuna mengine huyaoni.

Kiumbe anazaliwa na idadi ya wiki za kuishi. Jamii kuu za viumbe ni 38, na kila mchanganyiko una hesabu yake. Maisha hayo yamegawanywa katika hatua 10, na kila hatua ina kiwango chake cha kupokea mafunzo. Zoezi lilelile linaloongeza alama 6 utotoni linaweza kuongeza mara mbili ya hapo katika hatua za kilele, halafu likashuka hadi alama 2 au 3 uzeeni. Kilele kinafika lini? Hapo ndipo mkondo wa ukuaji unapoingia. Mikondo ni minne. Kuna viumbe wanaowahi, ambao kilele chao ni mapema na uzee wao ni mrefu. Kuna wa kawaida. Kuna wanaochelewa, ambao ukiwahukumu kwa miaka yao ya mwanzo utawatupa bure. Na kuna wanaodumu, ambao kilele chao hutandazwa kwa muda mrefu. Gemu halikuandikii popote kwamba wako ni yupi. Unamjua kwa kumwangalia.

Kisha kuna hesabu ya kuchoma wiki, na bila hiyo kisa cha Jabali hakieleweki. Kila kiumbe hubeba uchovu na msongo. Kila wiki gemu linachukua uchovu, linajumlisha na msongo mara mbili. Jumla ikiwa chini ya 70, wiki moja inahesabiwa wiki moja. Ikiwa kati ya 70 na 104, inachomwa wiki moja ya ziada. Kati ya 105 na 139, wiki mbili. Kati ya 140 na 174, tatu. Inaendelea kupanda hivyo kwa kila 35 zinazoongezeka.

Soma tena hapo penye "mara mbili". Kiumbe aliyepumzika akamaliza uchovu wote, akabaki na msongo wa 35, anafika 70 na anachomwa wiki. Ana nguvu zake zote, anaonekana mzima, na bado anazeeka kwa kasi maradufu. Mimi nilicheza mwaka mzima wa gemu bila kulijua hilo.

Maisha ya Jabali

Alitoka kwenye CD ya zamani ya shangazi, yenye mkwaruzo mrefu upande mmoja, tuliyoogopa isingesomeka. Alikuwa Golem wa mchanganyiko: pande la mwili wa mawe, nguvu tele, hatua nzito, na shabaha mbovu kiasi kwamba ngumi yake ilipompata mpinzani tulikuwa tunashangilia wote wawili. Mdogo wangu ndiye aliyempa jina.

Ratiba yake ilikuwa yangu, na nilijivunia. Wiki ya kwanza zoezi zito, ya pili zoezi zito, ya tatu jepesi, ya nne pumziko. Nilijiona mwenye huruma kwa kumpa pumziko kila mwezi. Chakula kilikuwa viazi, mwezi hadi mwezi, kwa sababu ndicho chakula cha bei rahisi kuliko vyote. Pesa nilikuwa naweka kwa ajili ya safari.

Nichukue mwezi mmoja nje ya daftari, mwezi wa tano wa mwaka wake wa pili, niuweke mezani. Uchovu na msongo ni namba zilizofichwa, kwa hiyo nimezikadiria kutokana na mazoezi aliyofanya na maneno ya Colt.

Wiki ya kwanza, zoezi zito. Uchovu kama 25, msongo kama 18. Mara mbili ya 18 ni 36, jumla 61. Salama. Wiki ya pili, zoezi zito tena. Uchovu umepanda hadi 48, msongo 22: jumla 92. Wiki moja imechomwa. Wiki ya tatu, zoezi jepesi, nililoliona kama nafuu. Uchovu 57, msongo 25: jumla 107. Wiki mbili zimechomwa. Wiki ya nne kapumzika, uchovu ukashuka hadi 10, lakini msongo ulibaki 24: jumla 58.

Mwezi ule Jabali alifanya kazi ya wiki 4 na kuzeeka wiki 7. Nani angeliona? Kwenye mstari wa wiki ya nne mdogo wangu ameandika: "Amepumzika. Colt anasema yuko vizuri sana." Na kwa kweli alikuwa vizuri, kwa maana ya uchovu. Pumziko linaushusha uchovu kwa haraka. Msongo hautoki kwa kasi hiyo, na kila mwezi ulianza na msongo wa juu kidogo kuliko mwezi uliotangulia. Ilikuwa kama ndoo inayojazwa kwa jagi na kupunguzwa kwa kijiko.

Mstari wa mwezi uliofuata una maneno ambayo sikuyatilia maanani siku ile. Mdogo wangu alinigeukia akasema, "Kaka, huyu anakataa zoezi siku hizi." Nikamjibu amkaripie. Akamkaripia, Jabali akafanya zoezi, tukaendelea. Kukataa kuna sababu nyingi katika gemu hili, ikiwemo kudekezwa kupita kiasi, na mimi nilichagua sababu iliyonipendeza.

Sasa nije kwenye safu ninayoiona kuwa moyo wa daftari zima, ya alama alizopata kwenye domino. Domino ni zoezi jepesi la Nguvu, na kwa Golem hiyo ndiyo nguzo. Mwaka wa kwanza Jabali alipata 6, 7, mara mojamoja 8. Alipotimiza mwaka 1 na miezi 9, alama zikaruka: 12, 13, 14, 13. Tulifurahi kweli. Zikakaa hapo hadi miaka 2 na miezi 7. Baada ya hapo zikaanza kuteleza: 11, 9, 9. Alipokuwa na miaka 3 na miezi 3 alikuwa anapata 5. Miezi miwili kabla ya kufa, alama 2.

Kwa hiyo kilele chake kilikuwa miezi 10, sawa na wiki 40. Tulizitumiaje? Nimezihesabu mstari kwa mstari. Wiki 8 zilikwenda kwenye safari mbili za mafunzo, moja Mandy na moja Kawrea. Wiki 5 mashindano. Wiki 10 mapumziko, kila mwezi moja kama ratiba ilivyotaka. Zikabaki wiki 17 za mazoezi. Katika maisha yake yote, muda ambao kila zoezi lilimlipa maradufu ulikuwa wiki 40, na tulimfundisha kwenye 17 tu.

Sisemi safari zilikuwa hasara tupu. Alirudi na mbinu mpya, na moja wapo ilimpandisha kutoka daraja C hadi B. Lakini mbinu ileile angeweza kuitafuta mwaka mmoja kabla, wakati zoezi la wiki nzima lilikuwa linamwongezea alama 7.

Alikufa akiwa na jumla ya alama 2,140 katika uwezo wake wote sita, Nguvu ikiwa 585. Na kwa sababu hatukuwa tumemgandisha maabara wala kumuunganisha na kiumbe mwingine, alama zote hizo zilikwenda naye. Mrithi hakuwepo.

Kiumbe yuleyule, mara ya pili

Hatukucheza kwa wiki kadhaa baada ya hapo. Aliyenirudisha ni mdogo wangu. Alikuja na CD ya shangazi mkononi akasema, "Kaka, si CD inatoa yuleyule?"

Wazo hilo lilikuwa bora kuliko yote niliyowahi kuwa nayo kuhusu gemu hili. Ukitaka kujua umri wa kiumbe uliliwa na nini, kumlinganisha Golem na kiumbe wa jamii nyingine kama Hare hakukufikishi popote, kwa sababu kila mmoja ana wiki zake na mkondo wake. Lakini CD moja inatoa mwili mmoja, wenye umri uleule wa kuzaliwa, mkondo uleule na vipaji vilevile. Kitakachotofautiana ni mikono ya mlezi tu. Tukamtoa tena, tukamwita Mwamba, na daftari likapigwa mstari katikati: kushoto Jabali, kulia Mwamba, mwezi kwa mwezi.

Ratiba ya Mwamba aliiandika yeye. Mwaka wa kwanza mazoezi mepesi tu, mawili kisha pumziko. Jani la mnanaa, lile linaloitwa Mint Leaf, ndilo lilikuwa dawa ya msongo, na Nuts Oil ndiyo ya uchovu. Vilinunuliwa kabla ya kitu kingine chochote. Ukikumbuka kwamba msongo unahesabiwa mara mbili, utaelewa kwa nini jani lilitangulia mafuta. Kila alama 10 za msongo zinazoondoka zinapunguza 20 kwenye hesabu, wakati 10 za uchovu zinapunguza 10 tu. Chakula tukabadilisha tukampa anachokipenda. Mazoezi mazito yakawekwa akiba.

Nakiri mwaka ule ulinichosha roho. Mwamba alikuwa nyuma. Alipotimiza mwaka 1, Jabali wa upande wa kushoto alikuwa amemzidi kwa alama nyingi na alikuwa ameshaingia daraja D, wakati Mwamba bado yuko E na mfuko wetu umekauka kwa kununua majani. Nilitaka kurudia ratiba yangu ya zamani. Mdogo wangu alikataa, na kwa kuwa daftari lilikuwa lake nilimwachia.

Halafu safu ya domino ikaanza kusema. Mwaka wa kwanza Mwamba alipata 6, 7, 8, sawa kabisa na Jabali, kama ilivyotarajiwa kwa mwili mmoja. Alipofika mwaka 1 na miezi 9, umri ambao Jabali aliruka hadi 12, Mwamba alipata 8. Nilidhani tumemharibu. Miaka 2 na miezi 2, Jabali yuko 14, Mwamba 10. Tuliangalia safu zile mbili kwa muda bila kusema neno, kisha mdogo wangu akasema polepole, "Huyu hajafika bado. Yule alifika mapema kwa sababu tulimkimbiza."

Ndivyo ilivyokuwa. Mwamba alifika alama 13 akiwa na miaka 2 na miezi 9, na akakaa kati ya 12 na 14 hadi miaka 4 na miezi 3. Kilele chake kilikuwa miezi 18, wiki 72. Cha Jabali kilikuwa wiki 40.

Mwanzoni nilikuwa nawazia wiki zinazochomwa kama pesa zinazotolewa benki: zimepungua mwishoni, lakini leo sijaguswa. Daftari linaonyesha sivyo. Wiki inayochomwa inamsukuma kiumbe mbele kutoka hapo alipo. Kama yuko utotoni, utoto unafupishwa. Kama yuko kwenye kilele, kilele kinafupishwa, na hapo umechoma kitu cha thamani maradufu ya wiki ya kawaida. Jabali hakuishi maisha kamili yaliyokatwa mkia. Aliishi maisha kamili, hatua zote 10, kila hatua ikiwa imebanwa. Utoto wake ulikuwa mfupi, kilele kifupi, uzee mfupi.

Ndiyo maana mruko wake wa mwaka 1 na miezi 9 ulinidanganya. Niliuona kama tuzo ya kazi ngumu: nimemfundisha kwa bidii, sasa analipa. Kwa hakika ilikuwa dalili kwamba tayari ameshapoteza muda mwingi. Mtu anayeangalia safu ya Jabali peke yake angeweza hata kumweka kwenye mkondo wa wanaowahi, akamlea mtoto wa CD ileile kwa haraka zaidi mara ijayo, na kosa likazaa kosa. Hili ndilo linanifanya nisiamini hukumu ya mkondo inayotolewa kwa kiumbe mmoja aliyechoka. Msongo mwingi unamfanya yeyote aonekane anawahi.

Kwenye zile wiki 72, Mwamba alikwenda safari moja tu, wiki 4, tena kwa sababu msimu wake ulikuwa unapita. Safari nyingine alishazimaliza mwaka wa pili, kabla ya kilele. Mashindano wiki 6, yale ya kupanda daraja peke yake. Mapumziko wiki 16. Mazoezi wiki 46, na mengi yakiwa yale mazito tuliyoyawekea akiba, jani na mafuta vikiwa karibu. Kati ya 46 na 17 kuna tofauti ya mazoezi 29. Ukichukua alama 13 kwa kila moja, ni 377, bila kuhesabu kwamba zoezi zito hupandisha uwezo wa aina mbili. Hiyo ni karibu theluthi mbili ya Nguvu yote aliyokuwa nayo Jabali siku anakufa.

Mwamba alimaliza na jumla ya alama 3,060, Nguvu 842. Alifika daraja A.

Wiki 112

Mwamba aliishi miaka 6 na mwezi 1, yaani wiki 292. Jabali aliishi wiki 180. Tofauti ni wiki 112, sawa na miaka 2 na miezi 4 ya gemu. Na hiyo ni hesabu ya huruma kwangu, maana Mwamba naye hakuishi bila kuchomwa. Kwenye kilele chake nilibana mazoezi mazito mawili pamoja mara kadhaa na najua zilipita wiki zenye jumla ya zaidi ya 70. Lakini hata kwa kumchukua Mwamba kama kipimo, Jabali alichomwa wastani wa wiki 5 za ziada kwa kila wiki 8 alizoishi.

Wengine watauliza kuhusu matunda. Gemu lina pichi mbili zinazoongeza umri: ya dhahabu inaongeza wiki 50, ya fedha wiki 25, na kila moja hutolewa mara moja kwa kiumbe. Hatukumpa yeyote kati yao, ili ulinganisho ubaki safi. Lakini jumlisha: zote mbili ni wiki 75. Hata kama Jabali angezipata zote, bado angekuwa na pengo la wiki 37 nyuma ya Mwamba ambaye hakula hata moja. Nimewaona wachezaji wanaohangaika kutafuta pichi kwa miezi huku ratiba yao inachoma wiki 2 au 3 kila mwezi. Jani la mnanaa linauzwa dukani.

Kwa Jabali, kosa langu naligawa hivi. Msongo nauweka mbele kabisa, kwa sababu ndio ulioendesha hesabu yote na ndio ambao sikuufuatilia. Kupumzisha kwa kalenda badala ya kwa hali linafuata: pumziko la wiki ya nne lilikuja wakati wiki mbili zilikuwa zimeshachoma, na pumziko lilelile likiwekwa wiki ya tatu lingeokoa sehemu kubwa. Kutumia kilele kwa safari ni la tatu. Viazi, nadhani, vilichangia kidogo. Wingi wa mazoezi mazito siuweki kwenye orodha, na najua wengi hawatakubaliana nami. Kwenye kilele chake Mwamba alifanya mazoezi mazito mengi kuliko Jabali kwenye chake. Aliyafanya kwa wakati wake, akiwa amepozwa kabla na baada.

Kuna jambo moja ambalo namtetea Jabali, na mdogo wangu ananiunga mkono. Pambano lake la daraja B alilopigana akiwa na miaka 3 na miezi 8, tayari yuko kwenye hatua za mwisho kabisa, alilipigana akiwa na Nguvu 585 dhidi ya mpinzani aliyemzidi wepesi kwa mbali. Alikosa ngumi nne mfululizo. Ya tano ikampata mpinzani, na uhai wake ukashuka zaidi ya nusu kwa pigo moja. Muda ukaisha. Wiki zilezile, kwenye safu ya domino, alama alizopata ni 2. Alikuwa mzee, na hatukujua.

Nakala mbili

Mwamba alipotimiza miaka 5, domino ikimpa 6, mdogo wangu alisema, "Kaka, tumgandishe sasa. Tusije tukampoteza kama yule." Kiumbe aliyegandishwa maabara hazeeki, na anaweza kuunganishwa na mwingine akatoa mtoto anayerithi sehemu ya alama za wazazi wote wawili. Alikuwa sahihi. Mimi nilitaka aishi hadi mwisho, nipate ile namba ya upande wa kulia, kwa sababu bila siku ya kufa kwa Mwamba kifo cha Jabali kingebaki bila kipimo.

Tulibishana jioni nzima. Mwishowe tukahifadhi gemu mara mbili kwenye kadi ya kumbukumbu, sehemu mbili tofauti. Kwenye nakala ya kwanza nilimlea Mwamba peke yangu mwaka 1 na mwezi 1 uliobaki, mazoezi mepesi na mapumziko, hadi wiki ya 292. Mdogo wangu hakukaa kuangalia. Kwenye nakala ya pili, yake, Mwamba alikwenda kwa Dadge, mwenye maabara, siku ileile ya ubishi wetu, akagandishwa, na baadaye akaunganishwa na Suezo, kiumbe wa jicho moja tuliyekuwa tumemlea pembeni kwa ajili ya Akili na Ustadi, vitu ambavyo ukoo wa mawe haukuwa navyo.

Mtoto alitoka na jicho moja kubwa kwenye mwili wa mawe. Ni mchanganyiko mpya, una wiki zake na mkondo wake, na safu za Jabali na Mwamba hazimhusu. Mdogo wangu alifungua daftari jipya, akachora safu: umri, zoezi, alama za domino, maneno ya Colt, na safari hii safu ya tano, makadirio ya msongo. Juu ya ukurasa akaandika "Kilele:" kisha akasimamisha kalamu, akaniuliza aandike mwaka gani.

Nikamwambia aache nafasi.